Uskoti na England 1707: swali la nani analinda mkataba

Nimekuwa nasoma hoja za vile vijitabu vilivyopigwa chapa Edinburgh na London kati ya 1703 na 1707, kabla bunge la Uskoti halijajifuta lenyewe ili kuungana na la England, na kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba wengi wa waliopinga hawakutaka kuachana na England moja kwa moja, ugomvi ulikuwa ni muungano wa namna gani, nchi moja yenye bunge moja au shirikisho la falme mbili. (Naandika England sio Uingereza, kwa sababu hii Uingereza tunayoijua ndo ilizaliwa hapo.)

Mfalme alikuwa mmoja tangu 1603, James wa Sita wa Uskoti akawa James wa Kwanza wa England, ila mabunge yalibaki mawili, sheria mbili, forodha mbili. Yeye mwenyewe alitaka nchi moja, Francis Bacon, mwanasheria na mbunge wa England, akaandika kumuunga mkono, mwanasheria Thomas Craig kwa upande wa Uskoti akaandika kitabu kizima kwa Kilatini, wabunge wa England wakagoma na kufika 1607 habari ikaishia hapo. Ikabaki hivyo karibu miaka 100 na walioumia ni Waskoti, maana mfalme anakaa London anasikiliza mawaziri wa London, akiingia vitani na wao wamo vitani, lakini biashara ya makoloni ya England wamefungiwa. Wakajaribu koloni la kwao Darien, kule Panama, mwaka 1698, kampuni ikaahidiwa mtaji wa pauni 400,000 na watu wa kila aina, halafu yote ikaenda na maji, na huyo huyo mfalme wao alikataza makoloni ya England yasiwasaidie.

Sasa hapo ndo unaelewa kwa nini upande wa muungano ulikuwa na nguvu. William Seton wa Pitmedden, mbunge wa Uskoti, alisema wazi, nchi maskini isiyo na jeshi la majini haiwezi kulinda biashara yake, na shirikisho la falme mbili halidumu, angalia Uswidi na Denmark. Na haikuwa nadharia tu, 1705 bunge la England lilipitisha sheria kwamba Uskoti isipokaa mezani kuzungumzia muungano basi ng'ombe wao, kitani chao na makaa yao ya mawe hayaingii England. Hilo ndilo soko lao kubwa. Mwandishi wa England, Daniel Defoe, naye akaenda Edinburgh 1706, akaandika kijitabu baada ya kijitabu kuwatoa watu hofu, akijionyesha kama mtu asiye na upande, kumbe analipwa kwa siri na waziri Robert Harley. Hilo mimi linaniudhi mpaka leo, ingawa hoja zake nyingi za soko zilikuwa za kweli.

Upande wa pili kuna Andrew Fletcher wa Saltoun, mbunge wa Uskoti aliyetaka shirikisho badala ya bunge moja, na huyu ndo naona aliona mbali kuliko wote. Alisema mali na utawala vyote vitavutwa kwenye kona moja ya kisiwa, London, akatoa mfano wa Wales, iliungana zamani, iko karibu zaidi, na bado haina biashara ya maana. Kwa sisi tuliokulia kwenye mjadala wa serikali mbili au tatu kwenye muungano wa Tanzania lugha hii haihitaji mkalimani. Yeye na wenzake kama mwandishi wa vijitabu James Hodges waliuliza swali moja zito, mkataba ukishasainiwa na bunge letu halipo tena, nani atausimamia? Maana kwenye bunge jipya Uskoti ilipewa wabunge 45, England inao 513.

Udhaifu wa Fletcher ni kwamba hakumwambia mfuga ng'ombe ale nini mpaka siku hiyo nzuri ya shirikisho ifike. Kwenye njaa hoja ya soko inashinda, na ilishinda, kifungu cha kwanza cha mkataba kilipita kwenye bunge la Uskoti 4 Novemba 1706 kwa kura 116 dhidi ya 83, huku mjini Dumfries watu wakichoma nakala ya mkataba hadharani wiki chache baadaye.

Ila swali la msimamizi Defoe na Seton hawakulijibu vizuri na miaka michache tu ilitosha kuonyesha. Kanisa la Uskoti liliahidiwa ulinzi wa milele, 1712 bunge la London likawarudishia wenye ardhi haki ya kuchagua wachungaji. 1713 ikaja kodi ya kimea wakati Waskoti wanasema mkataba unakataza mpaka vita viishe, na mwaka huo huo hoja ya kuvunja muungano ikapelekwa kwenye Baraza la Mabwana (House of Lords) kule London na Earl wa Seafield, yule yule aliyekuwa Chansela wa Uskoti na kuusukuma muungano upite Edinburgh. Ikashindwa kwa kura 4.