Pingamizi za kampeni katika vyama vya wafanyakazi: ziamuliwe kabla ya kura au baada?

Mwaka 1969 Joseph Yablonski, kiongozi wa siku nyingi katika chama cha wachimba makaa ya mawe cha Marekani, United Mine Workers, alitangaza kumpinga rais wa chama hicho, Tony Boyle. Malalamiko yake ya mwanzo yalikuwa ya kawaida kabisa, ya aina anayoijua yeyote aliyewahi kugombea hata ukatibu wa tawi: gazeti la chama linampamba Boyle toleo baada ya toleo, na ili vipeperushi vyake yeye viwafikie wanachama ilibidi aende mahakamani. Mawakili wake waliiomba Wizara ya Kazi ichunguze wakati kampeni ikiendelea. Wizara ikakataa kuingilia kabla ya kura kupigwa. Kura zikapigwa Desemba 9, Boyle akatangazwa mshindi. Desemba 31 Yablonski, mkewe na binti yao waliuawa nyumbani kwao, na baadaye Boyle akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kupanga mauaji hayo. Uchaguzi wenyewe ulibatilishwa na mahakama Mei 1972, na matumizi ya gazeti lile yalikuwa miongoni mwa sababu.

Mauaji si suala la kanuni za kampeni, na sitaki kuyatumia kama fimbo ya kumchapia mtu hoja. Ninachokitazama ni tarehe. Jambo lililolalamikiwa mwaka 1969, ambalo kila mwanachama angeweza kulithibitisha kwa kufungua gazeti, lilizaa uamuzi wa mwisho karibu miaka miwili na nusu baada ya kura. Muda wote huo aliyelalamikiwa alikuwa ofisini.

Uchaguzi wa chama cha wafanyakazi una shida yake ya kimaumbile. Katika uchaguzi wa nchi kuna walau tume yenye jina lake na ofisi yake. Chamani, anayetetea kiti ndiye mwenye daftari la wanachama, mwenye gazeti, mwenye watumishi wanaolipwa kwa ada za wanachama, mwenye safari za kutembelea matawi. Si lazima awe mwizi ili afaidike. Akifanya kazi yake tu kwa bidii mwezi mmoja kabla ya kura, tayari amefanya kampeni. Ndiyo maana ugomvi mwingi wa kampeni vyamani hauhusu matusi wala rushwa. Unahusu mpaka: ziara hii ni ya kikazi au ya kuomba kura? Picha hii ni habari au tangazo?

Wanaosema tusubiri kura zipigwe wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unawapa wafanyakazi haki ya kuchagua wawakilishi wao kwa uhuru kamili na kuzitaka mamlaka za umma zijiepushe na uingiliaji. Maneno hayo hayakuwekwa kwa urembo. Katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo, vyama husajiliwa na Msajili ambaye ni ofisa wa serikali. Mpe ofisa wa namna hiyo mamlaka ya kusimamisha kampeni katikati, na siku chama kitakapompata mgombea anayeisumbua serikali utaona jinsi pingamizi moja dogo linavyoweza kugeuzwa kufuli.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1959 kuhusu uchaguzi wa vyama vya wafanyakazi imejengwa juu ya hofu hiyo. Mwanachama anayelalamika hupitia kwanza ngazi za ndani ya chama. Zikimaliza, au miezi mitatu ikipita bila uamuzi, ana mwezi mmoja wa kuipelekea Wizara ya Kazi malalamiko yake. Wizara nayo ina siku 60 za kuchunguza na kufungua kesi. Wakati wote huo aliyetangazwa mshindi anaendelea na kazi, na mahakama haibatilishi uchaguzi mpaka iridhike kwamba ukiukaji huenda uliathiri matokeo. Kuna busara humo. Pingamizi nyingi ni silaha ya kampeni yenyewe: mgombea anawasilisha malalamiko asubuhi, jioni anasambaza kipeperushi kinachosema mpinzani wake anachunguzwa. Baada ya kura, nusu ya malalamiko hayo hakuna hata anayeyakumbuka.

Lakini kipimo hicho cha "huenda uliathiri matokeo" kina kasoro inayonikera. Kosa lile lile linaadhibiwa au linasamehewa kutegemea pengo la kura. Machi 2023 Shawn Fain alishinda urais wa chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, UAW, kwa kura 483. Katika uchaguzi wa namna hiyo, barua pepe moja iliyotumwa kwa kompyuta ya chama inaweza kudaiwa kuwa imebadili kila kitu. Mgombea anayeshinda kwa kura elfu hamsini angeweza kutuma barua pepe hizo kila siku na asiguswe. Hapo hatupimi tena ubaya wa tendo. Tunapima bahati ya aliyelitenda.

Njia ya pili, ya kuamua kabla ya kura, imewahi kujaribiwa kwa upana katika chama cha madereva wa malori cha Marekani, Teamsters. Baada ya makubaliano ya mwaka 1989 kati ya chama hicho na serikali, yaliyomaliza kesi kuhusu mkono wa wahalifu ndani ya uongozi, uchaguzi wake uliwekwa chini ya msimamizi kutoka nje ya chama. Mwanachama alitakiwa kuwasilisha pingamizi ndani ya siku mbili za kazi tangu alipolijua tendo, na msimamizi akaamua kampeni ikiendelea. Kinachonivutia katika mfumo wa aina hii ni tiba yake. Gazeti limempendelea mmoja? Toleo lijalo mwingine apewe nafasi sawa. Vipeperushi vyako vimebanduliwa ubaoni? Vibandikwe upya, na tangazo la kuwakumbusha wote haki zao libandikwe kando yake. Hakuna anayefungwa, hakuna uchaguzi unaofutwa, na mpigakura anafika kwenye sanduku akiwa amesikia pande zote mbili.

Ningeishia hapo kama si yaliyotokea ndani ya chama hicho hicho. Mwaka 1996 Ron Carey alichaguliwa tena kuwa rais kwa kumshinda James P. Hoffa kwa pengo dogo. Agosti 1997 aliongoza mgomo katika UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, uliodumu siku 15 na kumalizika kwa ushindi uliosifiwa na wanaharakati wa kazi. Siku chache tu baada ya mgomo kuisha, msimamizi akaubatilisha uchaguzi: fedha za chama zilikuwa zimezungushwa kupitia makundi ya nje na kurudi kwenye kampeni ya Carey kama michango. Novemba akazuiwa kugombea tena. Mahakama ya jinai ilimwachia huru mwaka 2001 katika mashtaka ya kusema uongo kuhusu suala hilo, lakini kiti kilikuwa kimekwenda. Hoffa alikishinda katika uchaguzi wa marudio mwaka 1998.

Mfumo ule wenye macho mengi, wa siku mbili na maamuzi ya haraka, haukuiona fedha hiyo mpaka kura zilipokwisha kuhesabiwa. Wala usingeweza. Fedha inayozungushwa kupitia mikono mitatu haibandikwi ubaoni.

Kwa hiyo swali la "kabla au baada" naona limeulizwa vibaya. Yapo makosa yanayoonekana na yapo yaliyofichwa, na kila aina ina wakati wake. Gazeti, mabango, ziara, ujumbe katika kundi la WhatsApp la tawi: hayo kila mtu anayaona siku yanapotendeka, na yanatibika kwa nafasi sawa. Yaamuliwe ndani ya siku chache, na aliyeyaona akanyamaza asiruhusiwe kuyafufua baada ya kushindwa. Matumizi ya siri ya fedha za chama, daftari lililochezewa, vitisho vya mwajiri dhidi ya wafuasi wa mgombea fulani: hayo yabaki wazi kuchunguzwa baada ya kura, na adhabu yake iweze kufika kwenye ubatilishaji.

Nitapingwa kwamba sharti la "sema sasa au nyamaza" linamwonea mnyonge. Mwanachama wa zamu ya usiku, katika tawi la mbali, atajuaje kanuni zinasemaje na muda unaisha lini? Sina jibu la kuridhisha kabisa. Kuhesabu siku tangu alipojua, badala ya tangu tendo lilipotendeka, kunapunguza uonevu huo, ila kunafungua mlango wa kubishana nani alijua nini na lini. Bado naona heri ubishi huo kuliko miaka miwili na nusu.

Uingereza imechagua njia nyingine ambayo husahauliwa katika mjadala huu. Sheria yake ya vyama ya mwaka 1992 inamtaka kila mgombea wa nafasi kuu apewe fursa ya kuandika maelezo yake kwa wapigakura, na chama kiyatume pamoja na karatasi za kura bila kumtoza chochote na bila kuyabadili asipokubali. Marekani mgombea ana haki ya kutumiwa vipeperushi vyake, lakini gharama ni yake. Tofauti ya kifungu kimoja, na ugomvi mzima wa nani kapata nafasi ya kusikika unapungua makali kabla haujazaliwa.

Kuna pia ugomvi ambao hakuna kamati ya haraka itakayouweza: ule unaohusu kanuni yenyewe. Edward Sadlowski aligombea urais wa chama cha wafanyakazi wa chuma cha Marekani mwaka 1977, akashindwa. Mwaka uliofuata chama kikapitisha kanuni ya kuwakataza wagombea kupokea michango ya watu wasio wanachama. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaihalalisha kwa majaji watano dhidi ya wanne. Naelewa hoja yake: chama ni cha wanachama, na tajiri wa nje, au mwajiri, asiwe na mkono katika kuchagua kiongozi. Hata hivyo, kanuni inayotungwa na walioshinda, mara baada ya kupata mpinzani mwenye nguvu, inastahili kutazamwa kwa jicho kali kuliko kanuni iliyokuwapo tangu zamani, na jicho hilo ni la mahakama.

Linabaki swali la nani akae kwenye kiti cha uamuzi kwa yale ya haraka. Vyama vingi huunda kamati ya uchaguzi kwa uteuzi wa kamati ya utendaji, ambayo nusu yake inagombea. Huko ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Msuluhishi wa nje ana gharama, na chama kidogo hakimmudu. Njia ya bei nafuu ni kura ya bahati nasibu: majina matano yachaguliwe kutoka matawi mbalimbali, kabla fomu za uteuzi hazijafunguliwa, na wajumbe hao wasiweze kuondolewa na yeyote mpaka matokeo yatangazwe. Watakuwa hawana uzoefu, na baadhi yao watakuwa na rafiki miongoni mwa wagombea. Lakini hakuna mgombea atakayekuwa amewateua.