Sato wa Atlantiki

Ukitoka pwani ya Afrika Mashariki, huku New Jersey unahesabiwa mvuvi, upende usipende. Mimi nimezaliwa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12, mtoto wa fundi cherehani. Samaki nilikuwa nakutana naye akiwa kikapuni, ametoka soko la samaki la Deep Sea, tena keshakata roho kitambo. Hayo nimeyasema mpaka nimechoka, hakuna anayesikia. Kapteni aliponunua boti yake ya mtumba, futi 21, mashine moja, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni mimi: "Wewe ndiye utakuwa macho yetu baharini." Mimi huvaa miwani.

Kapteni mwenyewe ni Mmombasa, dereva wa lori, na ukapteni alijipa siku ile ile aliyolipia boti. Wengine ni Shemeji, yaani mume wa dada yangu, mtu wa Mwanza. Na Papa Goma, ambaye jina lake limeshasema kwao ni wapi. Sote tunaishi Jersey City, na sote tulikuwa na deni moja: msimu uliopita tulitoka kwa mbwembwe tukarudi na baridi ya mifupa tu. Wake zetu walitusema mpaka Krismasi.

Tuliyemfuata ni straipa. Ni samaki wa rangi ya fedha, ubavuni ana milia saba au nane myeusi iliyonyooka kutoka shavuni hadi mkiani. Majira ya kupukutika majani hushuka kutoka kaskazini kufuata pwani, anawafukuza bunka, samaki wa ukoo mmoja na dagaa-papa wetu ila huyu amenenepa na ananuka mafuta. Novemba inapoisha, wenye busara wameshafunika boti zao kwa turubai. Sisi tulikwenda Jumamosi ya mwisho ya Novemba.

Dada alinifunga kanga shingoni juu ya makoti mawili, akamtazama mumewe, akasema, "Mkikosa na leo, basi mpitie hata mchicha." Shemeji hakujibu. Alibeba deli la barafu peke yake mpaka garini, na nilipotaka kumsaidia akanisukuma kwa kiwiko. "Soda tu hizo, shemeji. Tulia."

Gati la Atlantic Highlands saa kumi na moja alfajiri lilikuwa na utando wa barafu juu ya mbao. Tulitembea kwa kuburura miguu. Papa Goma akatokea na chane ya ndizi. Mzee mmoja wa Kizungu kwenye boti ya jirani alipoziona akatikisa kichwa, akamwita Kapteni pembeni, akamweleza kwamba ndizi botini ni nuksi. Na kweli wavuvi wa huku wanaamini hivyo. Wapo wanaomrudisha abiria nyumbani kwa ndizi moja.

"Ndizi ilifanya nini?" Papa Goma akauliza.

"Haipandi botini mwangu, yakhe."

Papa Goma akazila zote pale pale, amesimama kwenye barafu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Zilipanda botini, ila tumboni.

Tukatoka. Kushoto kwetu lile daraja refu la Verrazzano, nyuma yake maghorofa ya Manhattan; kulia Sandy Hook na mnara wake wa taa uliosimama pale tangu 1764. Pazuri mno, nisiseme uongo. Ningefurahi zaidi kama ningekuwa nazihisi pua zangu.

Chambo unajivulia mwenyewe. Bunka hukusanyika juu juu kwa maelfu mpaka maji yanakuwa meusi na kutetemeka. Unarusha ndoano ya pembe tatu yenye risasi nzito, unaivuta kwa ghafla, inamnasa bunka popote itakapomkuta. Kisha sheria inakutaka umhamishie kwenye ndoano ya duara, ile inayomshika straipa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi matumboni. Sheria hizo Kapteni alitusomea zote kwenye simu, kwa sauti, mashine imezimwa, kwa heshima ya hotuba ya Ijumaa.

Papa Goma akapewa fimbo. Akaupeleka mkono nyuma, mbali, kwa nguvu za mtu aliyeshiba ndizi, akarusha. Nilichosikia ni shingo kuvutwa. Kanga ikafunguka, ikapita juu ya kichwa cha Kapteni ikiwa imetanda kabisa, ikatua katikati ya bunka. Papa Goma hakuona, macho yake yalikuwa kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Alipoanza kuvuta akakuta uzito.

"Iko mukubwa! Bana, iko mukubwa sana!"

Shemeji akashika wavu. Kapteni akaanza kutoa amri za kulia na kushoto. Mimi nilijaribu kusema, lakini mtu aliyekabwa na kanga sauti hurudi polepole. Ikaopolewa kwa shangwe, ikamwagwa sakafuni, maandishi yakajitandaza mbele yetu: MDHANIAYE SIYE KUMBE NDIYE. Tundu la ndoano limepita katikati ya SIYE. Na ndani ya pindo, amejiviringisha, bunka mmoja mzima, hai, anapiga mkia.

"Chambo hiki," akasema Kapteni. Tukamtia kwenye ndoano ya duara, tukampa Shemeji fimbo, tukaendelea.

Mara tukaona ndege. Wale weupe wakubwa wanaokunja mbawa na kujitupa baharini kichwa chini. Walikuwa wanamiminika mahali pamoja, maji yanachemka, na nyangumi akatoa mgongo, akapumua, tukapata harufu ya pumzi yake, ambayo sitaieleza kwa kuwa huenda unakula. Kila mtu anajua ndege wakiwa hivyo chini kuna nini. Kapteni akafungua mashine yote. Tukaruka juu ya mawimbi, nimeshika chuma, meno yanagongana. Halafu, mbele kidogo tu ya karamu ile, akaizima.

"Mwisho," akasema, akionyesha kioo chake cha ramani. "Maili tatu. Kuanzia hapa ni maji ya serikali kuu. Kuvua straipa huko marufuku tangu 1990."

Papa Goma akaangalia mbele, akaangalia nyuma. "Mpaka iko wapi? Mimi minaona maji tu."

"Upo kwenye mtambo."

"Mimi nimetoka Goma. Mpaka naujua. Mpaka iko na kizuizi, iko na askari, iko na foleni ya wamama wenye mabeseni. Hii si mpaka."

Tukakaa pale kwenye mstari usioonekana tukiwatazama samaki wa serikali kuu wakirukaruka. Kapteni ana karatasi zake nzuri na hataki zichafuke kwa ajili ya kitoweo. Kwa hilo simlaumu. Papa Goma alikuwa bado anauliza kama samaki nao wana pasipoti wakati fimbo ya Shemeji ilipojikunja mpaka ncha ikagusa maji.

Rili ililia. Mshipi ulikuwa unaondoka kwa kasi, na Shemeji, aliyekuwa amekaa juu ya deli tangu tuondoke gatini, kwa mara ya kwanza akainuka. Alipigana na yule samaki huku akiita majina ya wajomba zake. Samaki akapita chini ya boti. Tukamshika Shemeji kiunoni. Akazunguka mashine, Kapteni akapiga kelele ambazo Mombasa huwa hazipigwi mbele ya watoto. Mwishowe akaja juu ubavu, akaingia wavuni, na wote tukanyamaza.

Alikuwa samaki. Kichwa kipana, jicho la dhahabu, milia imenyooka kama iliyopigwa rula. Tukamlaza kwenye ubao wa kupimia. Inchi 38.

"Anarudi," akasema Kapteni.

Anayeruhusiwa kuondoka naye ni mmoja kwa siku, kuanzia inchi 28, na asifike 31. Yaani nafasi ya vidole vinne hivi. Akipungua haramu, akizidi haramu.

Papa Goma alishika kichwa. "Kwetu ni mudogo ndiye anarudishwa! Hii iko mukubwa, mbona munaitupa?"

Kapteni akaeleza, na hapo alieleza vizuri: wakubwa wengi ni majike, mmoja hubeba mayai kwa mamilioni, miaka ya 1980 samaki hawa walivuliwa mpaka wakakaribia kuisha, na 1985 Maryland ikafunga kabisa uvuvi wake. Wakaongezeka, sasa wanapungua tena. Shemeji alisikiliza yote hayo amempakata samaki, macho yamemlenga machozi. Sijui ilikuwa baridi au nini.

"Basi picha," akasema. "Picha moja. Dada yenu hataamini."

Mwenye simu karibu ni Papa Goma. Glavu zake nene, kioo hakimsikii. Kuzivua hakutaka, vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi. Akabuni. Akainua simu mbele ya uso, akabonyeza kwa pua. Kacha. "Nyingine." Kacha. "Geuka kidogo, shemeji. Cheka." Kacha, kacha, kacha. Kapteni analalamika samaki arudi majini, Shemeji anacheka meno yote nje, pua inafanya kazi. Picha ya mwisho ilipopigwa samaki akajikunja, akamzaba Shemeji kofi la mkia shavuni, kavu, akaingia majini bila hata kuaga.

Waliofuata walikuwa wadogo. Mmoja alifika inchi 27 na nusu, na Shemeji akajaribu kumnyoosha.

Tulipokuwa tunarudi ndipo tukafungua picha. Kamera ilikuwa ya upande wa kujipiga mwenyewe. Pua ya Papa Goma ilitujia ya kushoto, ya kulia, ya karibu, ya karibu zaidi. Moja unaona mpaka kwa ndani. Samaki hayumo hata mkia. Shemeji alizipitia zote, akarudia tena tangu mwanzo, akamrudishia simu.

"Ndizi," akasema Kapteni.

Gatini alikuwapo ofisa wa jimbo anayekagua wavuvi, kijana mpole mwenye futi mkononi. Akauliza kama tuna samaki. Kapteni alikuwa amengojea swali hilo tangu anunue boti. Akavuta kifua. "Hatuna hata mmoja, bwana. Wote tumewarudisha. Sisi twafuata sheria."

"Vizuri sana. Nifungulie hilo boksi, tafadhali."

"Karibu," akasema Kapteni.

"Soda tu," akasema Shemeji. Hakuinuka.

Akainuka. Juu kulikuwa na soda kweli. Chini ya soda barafu. Chini ya barafu, wamelala mzungu wa nne, sato watatu.

Uso wa Kapteni ulibadilika rangi, na yeye ni mtu mweusi. Ofisa akamtoa mmoja. Samaki alikuwa ameparwa magamba, ametolewa utumbo, na ameganda. Akamgonga kidogo kwenye ukingo wa boti: ko, ko. Nadhani ni mazoea ya kazi, akamwekea futi.

"Huyu mmemvua wapi?"

Mtu wa Mwanza, Ziwa Victoria liko damuni, duka zima la samaki mbele yake, na mkono ukaenda kwa sato! Straipa asingempata kwa urahisi, maana New Jersey hawavuliwi kwa biashara. Lakini kulikuwa na samaki wa bahari wa kila aina. Alichagua aliyemzoea.

"Dukani," akasema Shemeji, sauti ya chini. "Nilihofia wake zetu."

Ofisa akamtazama. Akatutazama sisi. Kisha akaanza kucheka, akashika nguzo ya gati, akamrudisha sato chini ya soda kwa adabu, akatutakia chakula chema cha jioni. Kapteni hakucheka. "Wanivunjia heshima mbele ya serikali, kwa sato!" Maneno hayo aliyarudia mpaka Jersey City.

Garini Shemeji alitulisha kiapo. Papa Goma alikubali kwa sharti picha zifutwe. Mimi nilikaa kimya; kati ya dada na mumewe, mwenye akili huangalia dari.

Dada alipokea deli mlangoni. Akamweka sato kwenye sinia, akamgeuza, akamchungulia tumboni.

"Bahari ya huku nzuri," akasema. "Samaki anatoka ameshaparwa."

"Tuliwapara botini," Shemeji akajibu. "Kuokoa muda."

"Na huyu wa maji chumvi anaitwa nani?"

"Ni... aina ya straipa. Mdogo. Milia haijatoka bado."

Nikaangalia dari. Dada akamsogelea mumewe taratibu, nikadhani anataka kumpangusa shavu lililokuwa bado limevimba kwa lile kofi. Akapitisha mkono, akabandua kitu kwenye kiwiko cha koti lake. Ilikuwa stika ya bei, ya manjano, imeganda pale tangu asubuhi. Akaisogeza kwenye taa, akaisoma kwa sauti: uzito, dola, senti, tarehe ya kufungwa.

"Alhamisi," akasema. "Kumbe mlianza kuvua Alhamisi."