Mfiwa hana hatua tano

Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku mbili ya ushauri nasaha kwa wafiwa, na kichwa kimejaa. Kesho yake akaja mama mmoja ofisini kwetu, kwenye huduma za mazishi, akabwaga kadi za mazishi mezani na kuanza kunifokea. Nikamsikiliza kidogo, kisha kwa ile sauti ya upole niliyofundishwa nikamwambia namwelewa, kwamba yupo katika hatua ya hasira na kila mfiwa huipitia.

Akanyamaza, akaniangalia. "Kijana, mimi sina hatua yoyote. Mmekosea jina la mume wangu."

Nikaitazama kadi. Kweli tulikuwa tumekosea, herufi moja.

Ni miaka mingi sasa, lakini bado nakutana na wenzangu wa huduma za mazishi wanaowapima wafiwa kwa ngazi ileile: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kukubali. Ngazi hiyo ilitoka kwa Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Uswisi, ambaye mwaka 1969 alitoa kitabu kilichotokana na mazungumzo yake na wagonjwa huko Chicago. Hao walikuwa wagonjwa waliojua kwamba wanakufa. Alikuwa akieleza jinsi mtu anavyokikabili kifo chake mwenyewe, na wafiwa waliingizwa humo baadaye. Sina ugomvi na daktari yule. Kukaa kitandani kwa mtu anayekufa na kumuuliza anajisikiaje si kazi ndogo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoifanya ngazi hiyo kuwa kisingizio. Mteja akilalamika kuhusu bili, tunasema ni hasira ya msiba. Pengine bili ndiyo mbaya.

Maelezo yanayofanana zaidi na ninayoyaona kila siku ni ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoyatoa mwaka 1999. Wanasema mfiwa huenda na kurudi. Dakika hii amezama katika kumlilia aliyeondoka, dakika inayofuata anashughulika na maisha yaliyobaki: nani atalipa kodi ya nyumba, watoto watapelekwa shule na nani. Kisha anarudi tena kwenye kilio. Kwa hiyo mjane anayeuliza habari za akaunti ya benki wakati jeneza halijachaguliwa si mtu mwenye roho ngumu, ingawa nimewasikia ndugu wakimnong'ona hivyohivyo mlangoni kwangu. Amepanda juu kuvuta pumzi. Na yule kaka anayechekesha watu wakati mwili unasubiriwa naye mwacheni.

Mwili wa mfiwa nao uko kazini. Mwaka 1944 daktari Erich Lindemann aliandika kuhusu wafiwa aliowahudumia, wakiwamo wa moto ulioteketeza ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston mwaka 1942 na kuua watu 492. Alieleza mawimbi yanayomjia mtu kwa dakika 20 hadi saa nzima: koo linabana, pumzi inakata, anashusha pumzi ndefu kila mara, tumbo linakuwa tupu. Ukishayajua hayo, unaacha kushangaa kwamba mtu uliyemweleza ratiba mara tatu anakuuliza kwa mara ya nne. Baba mmoja alikaa mbele yangu kujaza fomu ya mtoto wake. Mwandiko mzuri, mkono umetulia kabisa. Aliponirudishia, pale penye jina la marehemu alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.

Sikumwambia kitu. Nilichukua fomu nyingine, nikamwomba anitajie jina la mtoto, nikaliandika mimi, polepole, nikimsomea herufi moja moja. Alipofika kwenye jina la pili ndipo akalia. Tukakaa. Kama kuna ushauri nasaha nimewahi kuutoa katika kazi hii, basi ni huo, na kinywa changu kilikuwa kimefungwa karibu muda wote.

Siku hizi hakuna familia inayotoka kwangu bila karatasi: saa, mahali, nguo zinazotakiwa, nani anapigiwa simu. Na fomu naijaza mimi.

Jambo la kuuona mwili ndilo tunaloliharibu zaidi, kwa maoni yangu. Wapo wanaomsukuma kila mtu akaage, eti bila kuona hataamini, na wapo wanaowazuia wanawake na watoto "kwa ajili yao". Mimi naona wote wanamnyang'anya mfiwa uamuzi, naye ametoka kunyang'anywa kitu kikubwa zaidi bila kuulizwa. Namweleza kwanza atakachokikuta: ngozi itakuwa ya baridi na rangi imebadilika, uso unaweza kuonekana mdogo kuliko aliouzoea, mkono unaruhusiwa kushikwa. Kama kuna jeraha, nasema lipo wapi na limefunikwaje. Kisha namuuliza kama anataka. Akikataa leo na kubadili mawazo kesho, mlango upo, ilimradi hatujaufunga sisi kwa haraka zetu.

Kwa mtoto nasema "amekufa". Najua neno hilo linawachoma wakubwa waliosimama nyuma yake, lakini ukimwambia babu amelala au amesafiri, umempa sababu ya kuogopa usiku, au ya kukaa dirishani kungoja. Namweleza kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi wala maumivu, na harudi. Kwa kawaida mtoto anauliza swali moja gumu, halafu anauliza kama anaweza kwenda kucheza. Huko kwenda na kurudi ni kwake pia.

Kuna mahali pa kusimama. Mwanasaikolojia J. William Worden alitenganisha ushauri nasaha kwa majonzi ya kawaida na tiba kwa majonzi yaliyokwama, na mimi tiba siiwezi. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, majonzi ya muda mrefu yametambuliwa kuwa ugonjwa, na hayahesabiwi hivyo kabla ya kupita miezi 6. Mimi namwona mtu siku ya pili. Nitampa jina gani la ugonjwa siku ya pili? Ila akisema anataka kumfuata marehemu, hapo sisubiri miezi wala siku. Namuuliza wazi kama anafikiria kujiua, simwachi peke yake, namwita ndugu na kumtafuta daktari siku hiyohiyo.

"Jikaze" nimeliacha. "Pole" inatosha, na baada yake kiti.

Wiki chache baada ya mazishi nawapigia simu, wakati wageni wameshaondoka na simu za pole zimekatika. Zamani nilidhani wataniuliza kuhusu huzuni, nikawa nimejiandaa na maneno. Wengi huniuliza jambo jingine kabisa. Yule mama wa kadi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alinishukuru kwa kadi mpya, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyemwona wa mwisho. Miguu yake ilikuwa inaona baridi sana. Mlimvalisha soksi?"

Tulimvalisha, za kijivu. Nilikumbuka kwa bahati tu. Tangu siku hiyo, kabla ya kufunga jeneza, naangalia mpaka miguuni.