Pesa ya kujenga ipo, ya kuziba paa je?

Oktoba 2021 Rais Samia alizindua kwa mpigo vituo jumuishi sita vya utoaji haki: Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro, Kinondoni na Temeke. Fedha zilitoka kwenye mradi wa maboresho ya Mahakama, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 65 mwaka 2016. Sina ugomvi na mkopo huo. Mjane wa Mbagala anayefuatilia mirathi Temeke anakuta ngazi kadhaa za mahakama ndani ya jengo moja, na nauli tu aliyookoa si haba.

Ila mkopo una tarehe ya kufungwa. Lifti ikigoma baada ya hapo, fundi analipwa kutoka matumizi mengineyo, ile OC ambayo bajeti ikibana ndiyo ya kwanza kupigwa panga. Kujenga kuna jiwe la msingi, utepe na kamera. Kubadilisha bati lililooza hakuna hata mgeni rasmi.

Na mabati yanaoza kwelikweli. Mahakama nyingi za mwanzo chimbuko lake ni mabaraza ya enzi za machifu, yaliyoingizwa kwenye mfumo mmoja baada ya uhuru, na baadhi zilirithi hata vyumba vyake. Mvua ya masika ikipiga kwenye bati lisilo na dari, shahidi hasikiki. Hakimu anayeandika ushahidi kwa mkono anaweka kalamu chini, wazee wa baraza wanatazamana, karani anasogeza majalada mbali na ukuta unaotiririsha maji. Shauri linaahirishwa. Kwenye takwimu litahesabiwa kama mlundikano wa kesi, wala hakuna atakayeandika kwamba chanzo ni dari.

Watasema tuna Mfuko wa Mahakama, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ni kweli, lakini mfuko unategemea kinachopitishwa na Bunge, kisha kinachotolewa na Hazina, na hivyo viwili havilingani kila mwaka. Jirani zetu Kenya waliuandika wa kwao kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 173, ukaanza kazi Julai 2022. Miaka kumi na miwili!

Wapo wanaopendekeza faini na ada zibaki mahakamani zijenge majengo. Naogopa sana wazo hilo. California ilipandisha ada na faini kwa sheria ya mwaka 2008 ili kujenga mahakama mpya. Uchumi ulipoyumba, zaidi ya dola bilioni 1 zilikopwa au kuhamishiwa matumizi mengine, na miradi ikasimama. Hata zisingeguswa, mimi sitaki kutozwa faini na hakimu ambaye paa lake linaisubiri.

Ninachotaka ni kitu cha kawaida kabisa: kila mahakama mpya iingie kwenye vitabu vya bajeti na kasma yake (fungu la pesa) ya matengenezo, yenye kiasi kilichokadiriwa na wahandisi kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo, na isihamishiwe safari wala semina. Mbunge akisimama kuomba mahakama ya wilaya jimboni kwake, aulizwe palepale pesa ya ukarabati ameiombea wapi.