Aliye Juu Usimngoje Chini

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Hao hawakuwahi kufunga kamera kwenye vyuma vya paa la ukumbi wa jimnastiki. Kamera ikishuka yenyewe kutoka mita 15, hakuna atakayeuliza picha zimetokaje. Watauliza imemwangukia nani.

Watu wanaiona picha gazetini, binti katanda hewani, mguu mmoja mashariki mwingine magharibi, boriti anayochezea imenyooka chini yake utadhani imechorwa kwa rula, wanasema: "Aa, hiyo si kubonyeza rimoti tu?" Kweli kabisa. Kubonyeza ni kazi ya nusu sekunde. Kazi iliyobaki ni kukaza skrubu, kufunga nyaya na kubishana na vitu ambavyo ukishashuka huwezi kuvigusa tena mpaka usiku.

Kufunga kwenyewe sasa. Kibano kinang'ata bomba la paa, kwenye kibano unatoka mkono wa chuma wenye viungo, mwisho wa mkono ndipo inaponing'inia kamera. Kila kimoja kinadai waya wake wa usalama, na waya maana yake waya wa chuma, si kamba ya viatu. Kamera wake. Lenzi nzito wake, maana inaweza kuchomoka ikaiacha kamera salama salimini kule juu na aibu yote huku chini. Nyaya hizo zizungushwe kwenye bomba lenyewe, kamwe si kwenye mkono, kwa sababu mkono ukiachia unashuka na kila kilichofungwa kwake. Na ziwe fupi. Kilo tatu zikidondoka nusu mita kabla waya haujakaza, kishindo chake si cha kilo tatu tena.

Bado. Kivuli cha lenzi kivue au kibandike kwa tepu ya kitambaa. Kichujio cha mbele kitoe, ni kioo hicho. Mkanda wa shingoni utoe. Spana ifungwe kamba kiunoni. Mifuko uikung'ute yote: simu, kalamu, funguo, hata ile peremende uliyoisahau tangu juzi. Haya yanafanyika kabla wanamichezo hawajaingia, kwa ruhusa ya waandaaji, mbele ya fundi wa paa ambaye kazi yake kubwa ni kusema "hapo hapana". Hapo anapokataa ndipo hasa penye picha. Taa kubwa, spika na skrini, vyote vimeshapewa nafasi katikati ya vyuma vya paa. Mpiga picha anaambiwa ajibane kando.

Halafu unashuka, unafika chini, unajaribu rimoti. Picha nyeusi tii. Kizibo cha lenzi kiko palepale kilipowekwa na kiwanda. Panda tena.

Tuseme kizibo kimetoka. Lenzi gani? Watu hubahatisha, wakati hesabu yake ni ya darasa la nne: chukua upana wa kihisi, kile kibao cha ndani ya kamera kinachonasa picha, kwa milimita, zidisha kwa umbali kwa mita, gawanya kwa upana wa eneo unalolitaka, kwa mita pia. Boriti ina urefu wa mita 5, upana wa sentimita 10, na iko sentimita 125 juu ya sakafu. Kamera ikiwa mita 15, umbali hadi boriti ni 13.75. Ukitaka mita 6 ziingie kwenye fremu, na kihisi ni cha milimita 36, jibu ni 82 na ushee. Basi lenzi ya milimita 85, maisha yaendelee. Ukitaka zulia lote la mazoezi ya sakafuni, mita 12 kwa 12, hesabu kwa upande mfupi wa kihisi, milimita 24, unapata 30. Weka 28, au 24 ukipenda kupumua.

Anayetumia lenzi ya zumu ana balaa lake la ziada. Zumu inayorefuka ikielekezwa chini, uzito wake wenyewe unaivuta. Umeipanga 50 saa mbili, saa tatu iko 58, saa nne inakata miguu ya watu. Bandika tepu kwenye pete ya zumu, bandika na kwenye pete ya fokasi, ile inayopanga ukali wa picha.

Fokasi! Hapa ndipo unaponunua shinikizo la damu kwa hiari yako. Kamera ya juu haiachiwi itafute fokasi yenyewe, kwa sababu nusu ya muda itaipenda mistari ya godoro kuliko mwanamichezo. Unaipanga mara moja, unazima fokasi ya moja kwa moja, unabandika tepu. Kosa la kwanza la kila mtu ni kulenga boriti. Boriti haina cha kupigwa picha. Wanaopigwa ni waliosimama na kuruka juu yake. Mtu ashike karatasi yenye maandishi makubwa yapata mita moja na robo juu ya boriti, ulenge hiyo. Kwa milimita 85 na f/2.8, yaani tundu la lenzi limefunguliwa sana, ukilenga umbali wa mita 12.5, kilicho kati ya mita 10.9 na 14.6 kinaonekana kikali, kwa hiyo anayeruka yumo na boriti imo. Lakini akaja mjuaji na lenzi ya 200 eti anataka uso ujae fremu: kwa umbali huohuo na f/2.8, eneo kali lote halifiki hata sentimita 70. Anayeruka atalipita akienda juu, atalipita tena akirudi, na huko kwingine kote ni ukungu mtupu.

Na usisahau kunyoosha. Kamera ikiinama digrii moja, kule kwenye boriti umekosea sentimita 24. Digrii moja! Mkono wa chuma unaweza kuinama kiasi hicho ukiwa umelala tu, kwa uzito wa lenzi, saa moja baada ya wewe kuukaza na kujipongeza. Kwa hiyo kaza, ngoja, angalia tena. Baada ya hapo wanakuja mafundi wa vifaa, watu wapole kabisa, wanaisogeza boriti sentimita 30 kulia kwa sababu godoro halikukaa vizuri. Wanakupungia mkono na kwenda zao.

Mwanga ni manung'uniko mengine, lakini mafupi. Flashi hairuhusiwi, mtu anazunguka hewani kichwa chini, humulikii macho. Kwa hiyo shata, ile inayofungua na kufunga njia ya mwanga, ni 1/1000 ya sekunde, tundu f/2.8, na ISO, wepesi wa kihisi kunasa mwanga, kati ya 3200 na 6400 kadiri taa zilivyo, vyote umevipanga kwa mkono, maana kamera ikiachiwa ijipimie, godoro la bluu iliyokoza litaidanganya na ngozi za watu zitatoka zimeungua. Umeme wa 50 Hz unazifanya baadhi ya taa zipepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, ndipo unapopata fremu moja ya manjano, moja ya kijivu, moja giza. Kamera yenye kinga ya kupepesa iwashiwe hiyo kinga, ingawa inachelewesha shata kidogo ikisubiri mwanga ufike kileleni. Shata ya kielektroniki, kama kihisi kinasomwa polepole, inapinda miguu ya watu na kuchora mistari ya giza. Tumia ya mekanika. Huko juu nani atasikia kelele zake?

Sasa usingizi. Kamera ikikaa bila kuguswa inalala. Wewe chini unaona mruko unakuja, unabonyeza, ishara inafika, kamera inafungua jicho: "Ee? Umeniita?" Mruko umekwisha. Ishara ya kwanza imetumika kuamsha tu. Zima ule mpangilio wa kujizima, na kama bado inasinzia tumia waya wa kuiweka macho, ule unaoishikilia kama imebonyezwa nusu muda wote. Waya huo unakunywa betri bila huruma, kwa hiyo ama upandishe umeme wa ukutani, ama betri iliyojaa kabisa na dua. Betri ndogo za kipokezi, kile kinachoipokelea kamera ishara ya rimoti, ziwe mpya. Zile "bado zina nguvu kidogo" ziachie saa ya ukutani.

Rimoti hizi ni redio, baadhi hutumia masafa ya karibu 344 MHz Marekani na 433 MHz Ulaya, na kila mpiga picha anazo. Wengi hawajawahi kubadilisha chaneli waliyoikuta siku ya kufungua boksi. Matokeo yake jirani yako anapiga picha za wanaume kwenye pete za kuning'inia, kamera yako ya boriti inaitikia. Unapokuja kufungua kadi: picha mia mbili za mfagiaji akifuta unga mweupe, kwa ustadi mkubwa, kutoka juu. Kabla ya mashindano zungukeni mkaulizane chaneli, andikeni. Antena ya kipokezi isilale kwenye chuma cha paa, chuma kinaimeza ishara. Jaribio lifanyike pale utakapokaa, taa zote na maikrofoni zisizo na waya zikiwa zimewashwa. Kujaribu asubuhi ukumbi ukiwa mtupu ni kujifurahisha.

Na kadi haibadilishwi. Faili ghafi za MB 30, kadi ya GB 64: ni picha 2,100 hivi. Kamera ya fremu 10 kwa sekunde inazimaliza kwa dakika tatu na nusu za kidole kilicholala kwenye kitufe. Zoezi moja la boriti lenyewe linafika sekunde 90! Kwa hiyo ni fremu tatu, nne, uache. Wenye waya wa mtandao unaoshusha picha moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta, hongereni, nanyi mna mita nyingi za waya wa kubandika.

Ubonyeze lini sasa? Wengi huunganisha kitumaji na kamera waliyoishika, wakipiga ya mkononi na ya juu inapiga. Rahisi, na mara nyingi ni makosa. Mruko wa kusimama wima, ukiutazama kutoka pembeni unatoa machozi. Kutoka juu ni fundo la nywele lenye mabega mawili. Juu kunataka mwili uliolala: mpasuo wa miguu, mgongo uliopinda kinyume huku uso ukitazama dari, mikono ikigusa boriti kwa kurudi nyuma. Kwenye pete, msalaba, yaani mtu akining'inia mikono imenyooka pembeni, kutoka juu unatoka msalaba kweli, na hauna haraka, mtu anaushikilia sekunde mbili nzima. Farasi wa vishikio, ile miguu iliyotanuka ikizunguka, ni zawadi. Kwenye pau zisizolingana, moja sentimita 250 na nyingine 170, lenga juu kidogo ya ule mrefu, kwa sababu pale ndipo wanapoachia na kuruka. Meza ya kuruka mimi siipandishii kamera. Sekunde chache, kisogo, basi. Kwa hiyo shika kitufe cha pekee mkononi, au cha mguu, na kamera ya juu ipigwe kwa wakati wake.

Picha nzuri imepatikana. Haya, ni ya nani? Namba iko mgongoni, imekunjwa. Uso umeelekea godoro. Leotadi, zile nguo za kubana mwili, ni za timu moja, wote sare, wote wamefunga nywele. Kilichobaki ni saa: saa ya kamera ya juu ilinganishwe na ya mkononi kabla haijapanda, ndipo utakapofuatisha orodha ya kuanza. Ikipishana dakika tatu, umempa binti wa watu mruko wa mwenzake, na kocha wake anasoma magazeti.

Kuna jambo moja dogo linaloudhi kuliko ukubwa wake. Kamera inayotazama chini haijui upande gani ni juu. Kihisi chake cha mwelekeo kinakisia. Fremu ya kwanza inakuja imelala, ya pili imesimama, ya tatu kichwa chini, na zote ni za mfululizo mmoja. Zima ule mzunguko wa moja kwa moja kwenye menyu.

Wenye uwezo wameshahamia kwenye kamera za roboti. Kwenye Olimpiki ya London 2012 wapiga picha wa mashirika ya habari ya Reuters na AP walizifunga juu ya kumbi, zinageuka na kuzumu mtu akiwa amekaa na usukani wake chini. Boriti ikisogezwa, wanageuza tu. Nasi wa mkono wa chuma na tepu tunawatazama, tunasema roboti halina hisia.

Mashindano yakiisha hushuki nayo hapo hapo. Watu wanapiga picha za medali chini yake, kwa hiyo unasubiri ukumbi utoke wote. Kisha mmoja ashike kamera kwa mikono miwili ndipo mwingine alegeze kibano, lenzi nzito ikifuata, halafu mkono. Waya wa usalama ndio wa mwisho kufunguliwa, hata kama mwenye funguo za ukumbi amesimama mlangoni anazichezesha.