Picha ikiguswa na brashi haijaharibika

Wapigapicha wengi ninaowafahamu wana msimamo mkali: picha ikishatoka kwenye kamera isiguswe tena. Ukiishikia brashi, unaambiwa umeifanya iseme uongo. Sikubaliani nao, na historia ya kamera yenyewe haikubaliani nao. Upigaji picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na haikupita miaka mingi mafundi wa Ulaya wakawa wanapaka rangi mashavu na vito kwa mkono. Miaka ya 1860, picha za studio ya mpigapicha Felice Beato kule Yokohama zilitiwa rangi na wachoraji wa Japani. Na wazee wetu je? Wangapi walipiga picha studio mbele ya pazia lililochorwa minazi na bahari? Mchoraji na mpigapicha walikuwa wakila sahani moja.

Hapa Bagamoyo kuwatenga wawili hao leo kunatugharimu. Kila mwenye kamera anapiga milango ile ile ya kuchonga, Ngome Kongwe, magofu ya Kaole, mashua karibu na soko la samaki. Picha safi, zinazofanana. Ukuta wa matumbawe uliobanduka chokaa una tabaka na ukwaru ambao mkono unausikia. Kwenye karatasi unabaki bapa. Rangi nzito ikipakwa mahali pachache inaurudishia ukuta unene wake. Filta za simu haziwezi kazi hiyo, kwa kuwa nyingi zinapita picha nzima bila kuchagua, na kuchagua ndiyo sanaa yenyewe.

Karatasi nayo ina neno. Ile ya kung'aa yenye tabaka la plastiki huikataa rangi ya maji. Tafuta karatasi ya pamba isiyong'aa, na uulize wino wa printa: wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) hustahimili maji, wa dai (rangi iliyoyeyushwa, "dye" kwa Kiingereza) mara nyingi huchuruzika. Rangi ya mafuta ipakwe nyembamba sana kwa pamba, picha ionekane chini yake.

Ninayoipenda kuliko zote ni sayanotaipu, njia ya mwanasayansi Mwingereza John Herschel ya mwaka 1842. Unachanganya chumvi mbili za chuma, unapaka kwa brashi kwenye karatasi pasipo mwanga mkali, unalaza negativu (picha angavu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) juu, unaanika juani, kisha unasuuza kwa maji. Inatoka buluu ya kina, na alama za brashi zinabaki pembeni. Jua tunalo la kutosha, jamani!

Lakini rangi iwe na kazi. Picha dhaifu haiokolewi kwa kufunikwa. Mtazame Gerhard Richter, mchoraji Mjerumani aliyeburuta rangi ya mafuta juu ya vijipicha vya kawaida vya familia na safari: kilichofichwa na kilichoachwa vinavutana, na jicho halitulii. Picha ya habari, hiyo ni kesi nyingine, isiguswe kabisa.

TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko hapa hapa, ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na sanaa za ufundi zinafundishwa pale. Mpigapicha ampelekee kijana wa pale nakala mbili za picha moja, wakae meza moja, wagombane kuhusu ipi ipakwe na wapi. Ikiuzwa, nyuma yaandikwe majina yote mawili, na pesa igawanywe sawasawa.