Kamera Haiamkii Wazee

Wapiga picha wenzangu wa Dar watanisamehe, lakini wengi wetu tunafukuza wateja kwa mdomo. Ubishi wa Canon na Sony hauishi vijiweni, lenzi tunanunua hata kwa mkopo. Ila sijasikia watu wakibishana namna ya kumwomba mama mzazi wa bibi harusi asogee pembeni bila kumuudhi.

Na huyo mama ni mteja. Harusi zetu zina kamati: advansi umepewa na mweka hazina, picha anazitaka bibi harusi, na atakayelalamika mwaka mzima ni shangazi aliyesahaulika kwenye picha ya ukoo. Kwa hiyo, kabla ya siku yenyewe, mimi huomba kila upande unipe mtu mmoja anayewajua watu. Mama wa kulea hana alama usoni.

Picha ya pamoja ndiyo inayomuumbua mpiga picha. MC ameita upande wa bwana harusi, ukoo mzima umepanda jukwaani, harufu ya pilau imeshafika. Kijana mwenye kamera anapaza sauti: "Wewe mwenye kitenge cha njano, rudi nyuma!" Mwenye kitenge ni bibi aliyemlea bwana harusi. Hapo hata ukipiga picha ya kushinda tuzo, umeshaharibu. Shusha kamera, mfuate alipo. "Shikamoo bibi. Naomba ukae hapa katikati, wajukuu wakuzunguke." Kiti kitaletwa bila wewe kukiomba. Na bibi akishakaa, wengine hujipanga wenyewe, maana ukoo unajua nani akae karibu na nani kuliko unavyojua wewe.

Kingine ni mikono. Shela la bibi harusi limepinda, mkufu umegeuka: mwambie msimamizi wake aweke sawa. Usirekebishe nguo ya mtu kama unapanga maua ya mezani, hasa ukiwa mwanaume.

Huku Pwani mambo ni mazito zaidi. Zanzibar na Mombasa, kwenye sherehe za wanawake peke yao, mara nyingi simu huzuiwa mlangoni na mpiga picha huwa mwanamke. Waalikwa wamevua mabuibui kwa sababu wanaaminiana. Picha moja ikionekana Instagram, jina lako limekwisha mtaa mzima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, ruhusa ya kuposti iombwe mapema na iandikwe kwenye mkataba. Kukaa kimya kwa mteja usikuhesabu kuwa ni ndiyo.

Hata hivyo, ile kauli ya "mteja ni mfalme" siikubali. Mteja akitaka picha Coco Beach saa saba mchana, kumtii ni kumdanganya. Ila usimhubirie habari za mwanga. Mpige picha moja kwa simu, aone macho yalivyozama kwenye kivuli, kisha umwonyeshe uliyopiga palepale saa kumi na moja jioni. Ataibadilisha ratiba mwenyewe. Anayetaka ang'arishwe ngozi mpaka mama yake asimtambue naye muwekee mbili, moja kando ya nyingine, achague.

Baada ya sherehe, ukichelewa, sema kabla hujaulizwa. Tuma picha chache kesho yake, waweke statasi, wapoe. Mteja anayeona umesoma ujumbe wake na hujajibu haamini kwamba unahariri. Anaamini umekula hela.

Halafu kuna bei ya undugu, kamati inapoomba upunguze. Wapiga picha wengine hununa, wengine hukubali kisha wakafanya kazi ya hasira. Mimi huuliza kwa upole: "Sawa ndugu yangu, tuondoe nini? Albamu, au video ya kitchen party?" Kamati hunyamaza kidogo, wanatazamana, kisha mweka hazina anauliza namba ya M-Pesa.